Maji ya pipa yaliyomwagwa bure

Mama mkwe wangu alimwaga pipa zima la maji ya mvua, lita 200, kwa sababu ya neno moja nililolitamka bila kufikiri. Ilikuwa saa kumi jioni, hapa kwetu Ndosho. Maji yalipita katikati ya mawe, yakazama. Goma humwagi maji uani ukayaona yametuama. Ardhi hii ya lava inakunywa kila kitu na haishibi.

Asiyeijua Goma atacheka. Mji uko ukingoni mwa ziwa Kivu, mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, halafu watu wanalilia maji. Ndivyo ilivyo. Bomba linatoa maji linapotaka lenyewe. Ziwa liko mbali kwa mtoto mwenye bidoni ya lita 20. Na mito ya kuchota hatuna, kwa sababu mvua ikigusa lava inapenya kwenye nyufa na kwenda zake. Tangu volkeno ya Nyiragongo ya tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, lava iliposhuka hadi kaskazini mwa mji na kukata mabomba, kwangu hakuna anayedharau manjanja (ndivyo tunavyoyaita mabati) wala mfereji unaoshuka mpaka kwenye pipa. Kwa hiyo lita 200 si mchezo. Ni kufua, kupika na kuoga kwa siku tatu kwa watu saba.

Neno lenyewe lilikuwa "mionzi".

Mimi ni fundi. Natengeneza redio, taa za jua, inveta na chaja za simu. Mwaka juzi rafiki yangu aliniletea kutoka Kampala kifurushi kidogo cha vipande vya kuunganisha mwenyewe: kipimo cha Geiger. Moyo wake ni tyubu ya chuma ya kizamani, SBM-20, iliyotengenezwa enzi za Urusi ya Kisovieti, ndefu na nyembamba kuliko kidole changu. Ndani yake kuna gesi na uzi wa chuma. Unaipa volti 400. Chembe ya mionzi ikipita inaigonga gesi, umeme unaruka kidogo, spika inalia "tik". Basi. Hakuna uchawi, ni kuhesabu tiki tu. Nililehemu kwa jioni mbili na ikaanza kulia mara ya kwanza nilipoiwasha, jambo ambalo kwa fundi wa Goma linatosha kumtia mashaka.

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye tangu alipokimbia Rutshuru, aliibatiza jina siku hiyo hiyo: Nyenje. "Mukwe, nyenje yako inalia usiku kucha, itatuzuia usingizi."

Wiki za kwanza nilizunguka nayo kama mtoto aliyepewa baiskeli. Juu ya meza yangu ya kazi, kwenye nyumba iliyojengwa kwa mawe ya lava, ilipiga mara 38 kwa dakika. Siku moja nikapanda nayo mtumbwi na wavuvi wa sambaza. Tulipofika mbali na ufuko ikashuka mpaka 21. Wavuvi waliniuliza kama natafuta samaki. Niliwaambia natafuta mahali pasipo na mawe, wakaona jibu la kipumbavu, lakini ni la kweli. Mawe ya volkeno yana potasiamu, na yana urani na thoriamu kidogo, na vyote hivyo vinatoa mionzi tangu dunia iumbwe. Maji ya ziwa yanaikinga. Tiki 21 zilizobaki ni za mbingu kwa sehemu kubwa, mionzi inayotoka anga za mbali, na sisi tuliopanda mita 1,500 juu ya bahari tunapata zaidi kidogo kuliko watu wa Mombasa.

Sasa siku ya pipa. Mvua ilikuja kwa kishindo kutoka upande wa Sake. Nilikuwa nimeiweka Nyenje dirishani, chini ya ukingo wa paa, kwa sababu hapo spika haisumbui watu. Ghafla ikaacha kusema tik na kuanza kusema trrrrrr. Nikatazama kioo: 900. Kisha 2,100. Kisha 3,000 na ushee kwa dakika. Nikapiga kelele, na hapa ndipo lawama yangu ilipo: "Mvua ina mionzi!"

Mama alikuwa jikoni. Katika nchi yetu neno hilo halisikiki mara nyingi, lakini likisikika linakuja na Hiroshima nyuma yake. Kila aliyesoma shule hapa ameambiwa kwamba sehemu kubwa ya urani ya lile bomu la 1945 ilitoka kwetu Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga. Mama hakusoma sana, lakini redio anaisikiliza. Nilipotoka nje, pipa lilikuwa limelala ubavu.

"Mama! Juu ya nini umemwaga?"

"Si weye umesema mvula iko na sumu? Watoto wangekunywa?"

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na aliyesema hivyo sidhani kama aliwahi kununua maji kwa bidoni.

Nikarudi ndani kuichunguza mashine. Kipimo kizima kilikuwa kimerushiwa matone. Ncha za tyubu, zile zinazobeba volti 400, zilikuwa na maji juu yake, na umeme ulikuwa unatambaa kwenye unyevu huo na kujihesabia wenyewe. Mionzi hakuna. Ni shoti ya kawaida, ile ambayo naiona kila siku kwenye inveta za watu waliozilaza chini ya paa linalovuja. Niliikausha pembeni ya mbabula, jiko letu la makaa, kwa dakika kumi, ikarudi 38. Nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza, kwa sababu nilijua kesho yake watoto wangetumwa ziwani na bidoni, na kweli walitumwa, siku nne mfululizo.

Hadithi ingeishia hapo, nami nisingeiandika. Lakini kabla ya kuikausha nilikuwa nimefuta maji kwenye manjanja ya kibanda cha kazi, yale yaliyo chini kiasi cha kufikiwa kwa mkono, kwa kitambaa cha zamani, ili matone yasiendelee kunidondokea. Kitambaa hicho nilikikunja na kukitupa mezani. Mashine ilipokwisha kukauka, nikailaza karibu nacho, bila nia yoyote. Ikasoma 74.

Nikasema moyoni, bado imelowa. Nikaisogeza pembeni: 39. Nikairudisha: 71. Nikachukua kitambaa kingine kilicholowa maji ya ziwa: 38. Nikarudi kwenye kile cha mvua: 66. Na kila nilipopima kilikuwa kimeshuka, kana kwamba kuna kitu ndani yake kinachopoa.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimewahi kusoma juu ya Mskoti mmoja, C.T.R. Wilson, yule ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya 1927 kwa chombo chake cha kutengeneza mawingu ndani ya chupa na kuona njia za chembe. Mwaka 1902 alichukua maji ya mvua iliyotoka kuanguka, akayakausha haraka kwa moto, akapima masalia yaliyobaki kwenye chombo. Masalia yalikuwa na mionzi, na mionzi ile ilipungua kwa nusu katika muda wa nusu saa hivi. Maji ya bomba hayakumpa kitu. Mwaka 1902! Hakukuwa na bomu, hakukuwa na kinu cha nyuklia popote duniani. Hata kile cha Kinshasa, TRICO, cha kwanza katika Afrika, kilikuja 1959. Kwa hiyo tuelewane: mvua yenye mionzi ni ya zamani kuliko siasa zetu zote.

Inatoka ardhini. Urani iliyomo kwenye mawe inaoza polepole mno na kuzaa vitu vingine kwa zamu, mpaka inafika kwa radiamu, na radiamu inazaa gesi inayoitwa radoni. Hiyo ndiyo mtoro wa familia. Ndugu zake wote ni vyuma vilivyofungwa ndani ya jiwe, yeye ni gesi isiyoshikamana na chochote, inatoka kwenye nyufa na kupanda hewani. Nusu-uhai wake ni siku 3.8, yaani ukiwa na radoni leo, baada ya siku hizo utabaki na nusu. Muda huo unatosha kuifikisha mawinguni. Huko inaoza na kuwa chuma tena: poloniamu-218 yenye nusu-uhai wa dakika tatu (namba hiyo ni uzito wa atomi), kisha risasi-214 ya dakika 27, kisha bismuti-214 ya dakika 20. Hivi vyuma havibaki peke yake hewani, vinanata kwenye vumbi na kwenye matone. Wingu linavikusanya, mvua inavishusha, nayo manjanja yangu yanavipokea. Ile nusu saa ya Wilson ni risasi na bismuti wakioza kwa kufuatana.

Watu wa hapa wanaijua jamaa ya radoni bila kuijua yenyewe. Mazuku, ule upepo mbaya unaolala mabondeni na kuua mbuzi na wakati mwingine watoto, ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka chini ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inatuama. Neno letu hilo wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo, wanaandika mazuku kwenye makaratasi yao. Basi gesi hiyo inapopanda kwenye nyufa hubeba radoni kama chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, inavyobeba viazi.

Nilingoja mvua nyingine, na safari hii nilijipanga. Nilichora kwa chaki mraba wa mita moja kwenye manjanja. Nilitayarisha karatasi ya chooni, safi, nikaipima kwanza ikiwa kavu: 38. Nilifuta manjanja makavu na karatasi nyingine, ili kujua kama vumbi la kawaida lina kitu: 40, yaani hakuna. Nyenje nikaifunga kwenye mfuko mwembamba wa nailoni. Na nilimwomba mama mkwe aje aketi mezani awe shahidi, kwa sababu ndani ya nyumba neno langu lilikuwa limeshuka thamani kuliko faranga.

Mvua ilinyesha saa tisa alasiri, ndogo ndogo, ya dakika ishirini. Mvua ya namna hiyo ndiyo nzuri kwa kazi hii. Ile kubwa inayobomoa kuta inaleta maji mengi mno, na vile vyuma vinatawanyika ndani yake. Ilipokatika nikapanda kwenye ndoo, nikafuta mraba wote, nikakunja karatasi mpaka ikatoshana na tyubu, nikaigandamiza hapo.

Tik-tik-tik-tik. 212 kwa dakika.

Mama akavuta kiti nyuma. "Tumeshaenda," akasema.

"Subiri tu, Mama. Tazama saa."

Alitazama. Nilimpa daftari na kalamu, na mama ambaye ananiambia kila siku kwamba macho yamekufa aliandika tarakimu zote mwenyewe, kubwa kubwa, moja kwa mstari. Baada ya dakika 10: 181. Baada ya 20: 149. Baada ya 30: 131. Hapo alisimama kugeuza maharage, akarudi. Dakika 40: 108. Saa moja: 87. Saa moja na nusu: 61. Saa mbili: 52. Baada ya saa tatu, maharage yameiva na watoto wamekula, 41.

Ukitoa zile 38 za nyumba, zile 212 zilikuwa 174 za mvua, na baada ya nusu saa zimebaki 93. Karibu nusu. Mashine yangu haina uwezo wa kusema jina la kitu inachokihesabu. Kwa hilo unahitaji mashine yenye kioo maalumu kinachopima nguvu ya kila mwale, na ningekuwa nayo ningeona ule mwale wa bismuti-214, wa kilo-elektroni-volti 609, umesimama kama mnara. Lakini mwendo wa kufa unatosha kuwa kitambulisho. Hakuna sumu ya kiwandani wala masalia ya bomu yanayokubali kutoweka kati ya kuweka maharage motoni na kuyala.

"Sawa," mama akasema. "Inakufa. Na ikikufa inakuwa nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu ya kipimo hiki, na nilijibu bila kujikinga: "Inakuwa risasi."

Kimya. Nje motari mmoja alipita akipiga honi. Kisha Mama akaanza kucheka, kicheko cha chini kile chake, mabega tu yanatikisika.

"Kumbe hata mvula ya Goma inashuka na risasi."

Ilinichukua muda kumweleza kwamba namaanisha madini, si ile ya bunduki, ingawa ya bunduki nayo imepata jina kwa madini hayo. Nikamweleza na kiasi. Kwenye karatasi yangu zilikuwapo labda makumi ya maelfu ya atomi. Chembe moja ya chumvi ina atomi mabilioni mara mabilioni. Hiyo risasi ya mvua, risasi-210, ina nusu-uhai wa miaka 22, na watu wanaochimba matope chini ya maziwa huitumia kuhesabu umri wa tabaka za matope, kwa sababu mvua imekuwa ikiishusha kila mwaka tangu kale. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama matope ya Kivu nayo yana risasi. Nikasema ndiyo. Akacheka tena.

Tangu hapo nimepima mvua kumi na moja. Mvua ya kwanza baada ya siku kadhaa kavu hupiga juu zaidi, na dakika za mwanzo hupita za mwisho. Nilijaribu pia njia ya Wilson mwenyewe, kukausha maji, na sikuiweza: makaa yalikuwa yamelowa, nusu lita ikachukua dakika hamsini kwenye mbabula, na nilipofika kupima kulikuwa na tiki chache tu za ziada. Mara ya pili nilitumia kikombe kimoja cha chai kwenye sufuria pana, moto ukiwa tayari umewaka, nikapata 57. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi. Sufuria hiyo mke wangu aliisugua mara tatu kabla ya kuipikia sombe, na sikuthubutu kumwambia haikuwa lazima.

Mvua inashusha na vitu vingine ambavyo Nyenje haivioni au haivitofautishi. Kuna beriliamu-7, ambayo mionzi ya anga inaitengeneza kwa kuvunja naitrojeni na oksijeni huko juu, nusu-uhai wake siku 53. Kuna tritiamu, haidrojeni nzito yenye miaka 12.3, lakini mionzi yake ni dhaifu kiasi kwamba haiwezi hata kuingia kwenye ganda la tyubu yangu.

Jirani aliniuliza kama anywe maji ya mvua au asinywe. Nilimwambia kwa upande wa mionzi anywe tu, kwanza yakikaa usiku mmoja pipani hakuna kinachopimika. Ningekuwa yeye ningeogopa mavi ya ndege juu ya paa, na moshi wa Nyiragongo, maana mvua ikipita kwenye moshi ule inakuwa kali na inaokota floridi, na watu wanaokaa upande unakovuma moshi wanajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Radoni yenyewe ni hatari ukiivuta miaka mingi ndani ya nyumba iliyofungwa. Shirika la Afya Duniani linaiweka ya pili baada ya tumbaku kwa kusababisha saratani ya mapafu. Fungua dirisha, basi. Alionekana kutoridhika. Nadhani alitaka nimwambie ni mionzi.

Pipa tumelisimamisha tena, na sasa lina kifuniko. Mama mkwe ameanzisha utaratibu wake: mvua ikianza, anauondoa mfereji kwenye pipa, anayaacha maji ya mwanzo yamwagike kwenye mawe, anahesabu kwa saa ya ukutani, ndipo anaurudisha. Anayaita maji yale "ya risasi". Nilitaka kumwambia kwamba risasi haina neno. Halafu nikayatazama yanavyotoka, meusi kwa majivu na vumbi la wiki nzima, na unyoya mmoja wa kunguru ukielea juu yake. Nikaenda kumshikia mfereji.